Kabla Mtambo Haujafika: Mwongozo wa Kuchimba Kisima Bila Kushtukizwa

Mwaka 1987, katika kijiji cha Bourakébougou nchini Mali, wachimbaji wa kisima walifika mita 108 bila kuona maji. Walichokipata ni upepo uliokuwa ukivuma kutoka shimoni. Mmoja wao akachungulia na sigara mdomoni, moto ukamlipukia usoni. Ilichukua majuma kuuzima, kisha shimo likazibwa. Lilipofunguliwa tena mwaka 2012, upepo ule ulikutwa ni karibu hidrojeni tupu, na ukakiwashia kijiji umeme.

Wewe hutarajii hidrojeni nyuma ya nyumba yako Chanika, Kisongo au Kitengela, na pengine hutaipata. Yapo mengine: shimo kavu lenye bili kamili, maji ya chumvi, mchanga unaomaliza pampu, floridi inayoharibu meno ya watoto, hewa inayomuua fundi aliye chini ya shimo la mita 12. Hakuna anayeweza kuyazuia yote. Unachoweza ni kuamua mapema, kabla hujatoa hata shilingi: likitokea hili, nani anasimamisha kazi, nani analipa, na nani haruhusiwi kusogea. Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba, wa kamati ya msikiti au kanisa, na wa mwalimu mkuu ambaye shule yake imepata mfadhili wa kisima.

Kwa nini kipimo huona maji na shimo likatoka kavu

Mpimaji anapokuja na nyaya zake, hapimi maji. Anapitisha umeme ardhini na kusoma jinsi ardhi inavyoupinga. Mwamba mzima na mkavu huupinga sana. Mwamba uliopasuka na kulowa huupinga kidogo. Tatizo ni kwamba udongo wa mfinyanzi nao huupitisha vizuri, na ardhi iliyojaa maji ya chumvi huupitisha vizuri zaidi. Kwa hiyo mpimaji mwaminifu kabisa anaweza kukuonyesha "maji" ambayo ni mfinyanzi mtupu, au maji ambayo hata ng'ombe atayakataa.

Hilo limewakuta wakubwa. Septemba 2013 serikali ya Kenya na UNESCO walitangaza hifadhi kubwa ya maji chini ya ardhi huko Lotikipi, Turkana, iliyotafutwa kwa msaada wa setilaiti. Uchimbaji wa majaribio uliofuata ulionyesha kuwa maji ya Lotikipi yana chumvi nyingi mno kwa kunywa. Kipimo kilisema pana maji, na kweli yalikuwepo.

Kuhusu wanaotafuta maji kwa kijiti cha panda, nazi au chupa: penye mchanga uliojaa maji, popote utakapochimba utayapata, hivyo wataonekana mabingwa. Wapeleke kwenye mwamba wa Singida uone. Mimi nisingewalipa.

KISANDUKU 1: Ardhi ya kwenu na vituko vyake

- *Mwamba mgumu wa graniti* (Dodoma, Singida, Tabora, Mwanza). Maji hukaa kwenye nyufa. Kusogea mita chache kunaweza kukupa kisima au kukunyima. Tarajia shimo kavu. Penye vyoo vingi vya shimo, tarajia nitrati.
- *Volkeno na Bonde la Ufa* (Arusha, Meru, Manyara, Naivasha, Nakuru, Rungwe). Floridi, maji ya moto, gesi. Eburru, karibu na Naivasha, wakazi hunasa mvuke wa ardhini na kuupoza ili wapate maji.
- *Mchanga wa pwani* (Dar es Salaam, Bagamoyo, Lindi). Kuta zinazoporomoka, na chumvi.
- *Mawe ya chokaa na matumbawe* (Unguja, Mombasa, Tanga). Mapango. Anayeyajua ya Amboni anaelewa ardhi hiyo ikoje kwa ndani. Uchafu husafiri haraka.
- *Kanda ya dhahabu kusini mwa Ziwa Viktoria*. Ongeza aseniki kwenye orodha ya vipimo vya maabara.

Kabla ya kusaini

1. *Tembelea visima vya majirani.* Hakuna kipimo kinachoshinda hiki. Uliza kina chake, maji yalikutwa mita ya ngapi, yana ladha gani, pampu imebadilishwa mara ngapi, na kama hukauka, hukauka mwezi gani. Uliza pia walioshindwa. Shimo kavu la jirani lina habari nyingi kuliko kisima chake kizuri.

2. *Shika kibali.* Tanzania Bara, maji ya chini ya ardhi yako chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, na mlango wa kubisha ni Bodi ya Maji ya bonde lako: Pangani, Wami/Ruvu, Rufiji na nyinginezo, tisa kwa jumla. Kampuni ya kuchimba nayo iwe na leseni. Omba kuiona, tena iwe hai. Kenya utahitaji kibali cha WRA, mamlaka ya rasilimali za maji, na ripoti ya mtaalamu wa maji chini ya ardhi kabla mtambo haujaingia. Zanzibar anzia ZAWA, mamlaka ya maji ya huko. Mbali na sheria, bodi hizi hutunza kumbukumbu za visima vilivyochimbwa, na huenda cha mtaani kwenu kimo.

3. *Mpimaji asiwe mchimbaji.* Kampuni nyingi hutoa "upimaji bure" ukichimba kwao. Bure hiyo ina mtego: anayelipwa kwa mita akijipimia mwenyewe kina, kina hakipungui. Mlipe mtu mwingine, akupe ripoti yenye sehemu mbili za kuchimba, ya kwanza na ya akiba, na kina cha chini na cha juu kwa kila moja.

4. *Chagua mahali kwa macho yako pia.* Mita 30 kutoka choo cha shimo, shimo la maji taka au zizi ndiyo kanuni inayotumika sana; kwenye mchanga wa chembe kubwa, mwamba uliopasuka au matumbawe, ongeza. Kisima kikae upande wa juu wa mteremko, choo upande wa chini. Kisha inua uso: mlingoti wa mtambo ukisimama, au ukianguka, utagusa waya wa umeme? Kama ndiyo, hamisha sehemu au ongea na shirika la umeme. Tazama pia chini, uliza mabomba ya maji na nyaya zimepita wapi.

5. *Chimba mwishoni mwa kiangazi.* Maji utakayoyakuta Oktoba kabla ya vuli ndiyo maji yako. Utakayoyakuta Mei ni ya wageni. Kwa kisima cha mkono hili ni la lazima.

6. *Andika mkataba.* Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, basi tukae kidogo.

Aina mbili za makubaliano, na ipi inakufaa

Ya kwanza ni malipo kwa mita. Mchimbaji hulipwa kila mita aliyochimba, maji yawepo yasiwepo. Hatari yote ya shimo kavu ni yako, naye hana sababu ya kusimama. Ya pili ni "hakuna maji, hulipi". Inapendeza masikioni, lakini bei yake imekwisha kubeba mashimo makavu ya wateja wengine, na neno "maji" halina ukomo. Kisima kinachotoa ndoo mbili kwa saa kina maji. Cha chumvi kina maji.

Ukichagua ya pili, fafanua maji kwa kiasi na kwa ubora: angalau lita ngapi kwa saa, kwa jaribio la saa ngapi, na chumvi isiyozidi kiwango fulani. Shirika la Afya Duniani linasema maji yenye chumvi zote zilizoyeyuka chini ya miligramu 600 kwa lita huwa na ladha nzuri, na yakipita 1,000 ladha huharibika. Weka namba hizo.

Kwenye mwamba mgumu, mimi ningechagua malipo kwa mita yenye kina cha kusimama kilichoandikwa. Sababu ni hii: kadiri unavyoshuka kwenye mwamba mzima, nyufa hupungua. Mita 40 za nyongeza ndani ya graniti isiyo na ufa mara nyingi ni mita 40 za bili. Mchimbaji atakwambia "tuongeze rodi mbili tu, mzee, maji yako karibu." Yuko karibu na malipo yake. Kina cha kusimama ulichoandika ukiwa umetulia nyumbani ndicho kitakachokuokoa saa ile ambapo vumbi linapaa na kila mtu uwanjani amekuwa mtaalamu.

KISANDUKU 2: Maswali ambayo mkataba lazima uyajibu

☐ Shimo likiwa kavu, nalipa asilimia ngapi? Sehemu ya akiba ina bei gani?
☐ Kina cha kusimama ni mita ngapi, na nani peke yake anaweza kukiongeza?
☐ Biti (kichwa cha kukata mwamba) au rodi (vyuma virefu vya kuchimbia) zikinasa chini, hasara ni ya nani? (Iwe ya mchimbaji.)
☐ Kuta zikiporomoka, mabomba ya ziada ya kuzikinga, yaani kesingi, yanalipwaje?
☐ Kesingi ni ya aina gani? Ya kisima ina kuta nene na hukazwa kwa nyuzi kama skrubu. Bomba jembamba la maji taka lililotobolewa kwa msumari wa moto halikubaliki.
☐ Kusafisha, kupima uwezo wa kisima na vipimo vya maabara vimo ndani ya bei?
☐ Maji yakitoka yenyewe kwa nguvu, au gesi ikitokea, nani anaziba na kwa kifaa gani?
☐ Shimo lililoshindikana linazibwa na nani, kabla mtambo haujaondoka?

Siku ya kuchimba: kazi yako ni kuhesabu

Usiende kazini siku hiyo, au mwache mtu unayemwamini. Zungushia kamba eneo lote, watoto wakae mbali. Mpira wa kompresa ukichomoka unapiga kama mjeledi. Vumbi la mwamba mkavu lina silika, na silika huharibu mapafu bila kurudi nyuma. Dai maji yamwagwe shimoni wakati wa kuchimba mwamba, funga madirisha, na bibi mwenye pumu aende kwa jirani.

1. Kabla ya kuanza, pima urefu wa rodi moja kwa futi yako. Mara nyingi ni mita 3 au 6.
2. Kila rodi inapozama, tia kokoto kwenye kopo. Kokoto 26 za rodi za mita 3 ni mita 78. Bili ya mita 100 itajieleza.
3. Kila mita 3, chukua gao la udongo unaotoka, lipange chini kwa mstari. Rangi ikibadilika, andika kina. Hapo ndipo bomba lenye matundu ya kuingiza maji litakapowekwa, na anayepanga mabomba bila kuona udongo hubahatisha.
4. Andika muda wa kila rodi. Rodi iliyozama haraka ghafla ndani ya mwamba mgumu imepita kwenye ufa.
5. Maji yakianza kutoka, yapime: sekunde ngapi kujaza ndoo ya lita 20? Gawa 72,000 kwa sekunde hizo, utapata lita kwa saa. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40, ni lita 1,800 kwa saa. Hayo ni makisio, lakini yanatosha kukuzuia kudanganywa.
6. Kesingi ikishawekwa, na kabla ya pampu, shusha kamba yenye uzito mdogo mpaka chini, uipime. Linganisha na kokoto zako.

Yakitokea haya

*Shimo ni kavu.* Fika kwenye kina cha kusimama, simama. Usidharau maji machache. Kisima cha lita 500 kwa saa kikivutwa saa 8 kinakupa lita 4,000 kwa siku; weka tangi, familia itaoga mpaka wageni washangae.

*Kuta zinaporomoka, au mchanga unajaa upya kila rodi inapotolewa.* Usiruhusu kulazimisha. Mchimbaji abadili mbinu: kesingi ya muda, au tope la bentonaiti linaloshikilia kuta. Kati ya kesingi na ukuta wa shimo panajazwa kokoto laini zilizooshwa. Asiye na kokoto uwanjani tangu asubuhi hajajiandaa.

*Rodi inadondoka ghafla na upepo wa kompresa unapotea.* Mmeingia pangoni. Simamisheni, mkinge sehemu hiyo kwa kesingi, na mjue kuwa maji ya mapango ya chokaa hayachujwi na chochote: choo cha mtaa wa pili kinaweza kuwa kisimani kwako baada ya muda mfupi.

*Maji yanaruka yenyewe juu.* Watu hushangilia na kupiga picha. Mwaka 1886 huko Belle Plaine, Iowa, Marekani, kisima cha aina hii kiliwashinda wenyewe baada ya maji kulitanua tundu dogo walilolichimba. Kilitoa maji na mchanga zaidi ya mwaka mzima kabla ya kudhibitiwa, wakakibandika jina la Jumbo. Hatari ni maji yanayopita nje ya kesingi yakila udongo. Mchimbaji ajaze tope zito mara moja, kesingi ifungwe kwa saruji na kuwekewa koki, na Bodi ya Maji ijulishwe siku hiyo hiyo.

*Maji ni ya chumvi.* Pwani, maji matamu hukaa juu ya ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Kwa hesabu ya kawaida, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina takriban mita 40 za maji matamu chini yake. Ukivuta mpaka ukaishusha mita ile moja, chumvi inaweza kupanda kwa kiasi hicho cha mara 40. Basi kuchimba zaidi kwa matumaini ni kuisogelea chumvi, na pampu kubwa ni kuiita. Kisima cha pwani hupenda kina kifupi, pampu ndogo na kuvuta taratibu kwa saa nyingi.

*Sauti ya kuchemka, mapovu, harufu ya yai viza, au maji ya moto.* Zimeni injini zote na sigara, ondokeni kuelekea upepo unakotoka, msirudi kuchungulia. Msiamini pua: gesi yenye harufu ya yai viza ikizidi, huua uwezo wa kunusa kabla ya kumuua mnusaji. Huko Rungwe, mkoani Mbeya, hewa ya ukaa hutoka ardhini kwa wingi hata huvunwa kibiashara. Haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama mabondeni na mashimoni.

Kisima cha mkono: shimo linaloua watu watatu

Kati ya yote, hili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu hurudiwa kwa namna ile ile. Fundi anashuka, anaanguka. Ndugu yake anashuka kumtoa, anaanguka. Jirani naye anafunga kamba kiunoni. Jioni zinatolewa maiti tatu kwenye shimo ambalo jana yake lilichimbwa vizuri tu.

Mbona jana lilikuwa salama? Kwanza, udongo wenyewe hula oksijeni: mizizi inayooza na madini yanayopata kutu huimaliza, na hewa ya ukaa huchukua nafasi yake. Pili, ardhi hupumua. Kanieneo ya hewa ikishuka, kwa mfano mvua inapokaribia, hewa iliyo ndani ya udongo husukumwa kuingia shimoni. Shimo halijabadilika, hali ya hewa imebadilika. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21, na chini ya 19.5 huhesabiwa kuwa hatari kwa mfanyakazi.

Kosa baya kuliko yote ni kushusha pampu ya petroli shimoni ili kukausha maji. Moshi wake una kaboni monoksaidi, na dakika chache zinatosha kujaza shimo. Injini ikae juu, mbali, upande ambao upepo hauleti moshi.

Na mshumaa? Wazee wengi huushusha, ukizimika hawashuki. Ukizimika ni kweli usishuke. Lakini ukiendelea kuwaka haujathibitisha kitu: hauonyeshi kaboni monoksaidi, na penye methani utakuwa umeshusha kiberiti kwenye bomu.

KISANDUKU 3: Sheria za shimo la mkono

1. Hakuna anayeshuka bila mkanda wa mwili wenye kamba, na watu wawili wenye nguvu juu wanaoweza kumvuta bila kushuka.
2. Feni au mashine ya kupuliza hupeleka hewa safi mpaka chini kwa bomba, kabla ya kushuka na muda wote mtu akiwa chini. Kila asubuhi. Kila baada ya chakula. Kila baada ya mvua.
3. Ukipata kipimo cha gesi cha kuazima, kitumie; kishuke kwa kamba kabla ya mtu.
4. Kalvati (pete za zege) zishuke pamoja na uchimbaji penye mchanga au udongo laini, zisingoje mpaka mwisho.
5. Udongo uliotolewa, mawe na ndoo vikae mita moja na nusu au zaidi kutoka ukingoni. Jiwe dogo likianguka mita 12 huvunja fuvu. Kofia ngumu ni lazima.
6. Kizunguzungu, kichwa kuuma, miguu kulegea: vuta kamba, panda juu. Hakuna "namalizia ndoo hii".
7. Mtu akianguka chini, asishuke mwingine. Mvuteni kwa kamba, endeleeni kupuliza hewa, pigeni Zimamoto: 114 Tanzania, 999 au 112 Kenya. Mwekeni mtu mmoja mwenye sauti wa kuwazuia ndugu wasiruke.

Maji yamepatikana. Bado.

Kisima kipulizwe kwa kompresa mpaka maji yatoke safi bila mchanga, saa kadhaa, si nusu saa ya heshima. Kisha kipimwe uwezo: andika kina cha maji yaliyotulia, vuta kwa kasi moja bila kusimama, na upime maji yanavyoshuka. Zima, pima yanavyorudi. Maji yakishuka mfululizo bila kutulia, au yakichelewa sana kurudi, kisima ni dhaifu kuliko ndoo ilivyosema. Kwa nyumba, nisingekubali chini ya saa 6; kwa shule au kijiji, saa 24. Pampu utakayonunua isivute zaidi ya theluthi mbili ya kiwango kilichopimwa, ining'inie mita kadhaa juu ya sakafu ya kisima, na iwe na kifaa cha kuizima maji yakiisha.

Kisha maabara. Kile kipimo kidogo cha mkononi ambacho mafundi huchovya kwenye glasi na kutangaza "maji safi!" hupima chumvi zilizoyeyuka tu. Hakioni bakteria, wala floridi, wala aseniki. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani. Peleka sampuli na uombe floridi, nitrati, kloridi, chuma, manganizi, ugumu wa maji, na *E. coli*. Sampuli ya bakteria iwe kwenye chupa iliyotakaswa, ikae kwenye barafu, na ifike siku hiyo.

Floridi nitaizungumzia peke yake kwa wasomaji wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Bonde la Ufa la Kenya. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, meno ya watoto hutoka yenye madoa ya kahawia. Ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa hupinda na kukakamaa. Kuchemsha hakuiondoi, huifanya iwe kali zaidi kwa sababu maji hupungua na floridi hubaki. Kichujio cha makaa ya mifupa huipunguza, na kituo cha Ngurdoto, Arusha, kimekuwa kikifanyia kazi njia hiyo. Kama hutakuwa na kichujio, maji hayo yaoshee gari, na ya kunywa na kupikia vuna ya mvua.

KISANDUKU 4: Kutakasa kisima kipya kwa klorini

Kesingi ya inchi 5 hubeba karibu lita 12 kwa kila mita. Kisima cha mita 80 chenye maji kuanzia mita 20 kina mita 60 za maji, yaani lita 720 hivi. Ili kupata miligramu 100 za klorini kwa lita, unahitaji takriban gramu 110 za unga wa klorini wa asilimia 65. Uyeyushe kwenye ndoo ya maji, nje, ukiwa na glavu, bila kuuchanganya na sabuni wala asidi. Mimina kisimani, yazungushe maji kwa pampu mpaka harufu itoke bombani, acha saa 12 hadi 24. Kisha vuta maji uyamwage mbali na bustani na bwawa la samaki mpaka harufu iishe. Sampuli ya bakteria huchukuliwa baada ya hapo.

Mdomo wa kisima nao umaliziwe: saruji kuzunguka mita kadhaa za juu za kesingi, sakafu yenye mteremko wa kutoa maji nje, na kifuniko kinachofungwa. Maji mengi huchafukia hapo juu, siyo chini.

Shimo lililoshindikana

Februari 2022, mtoto wa miaka mitano nchini Morocco alitumbukia kwenye kisima kikavu chenye kina cha mita 32. Dunia nzima ilifuatilia siku kadhaa za kumchimbia njia ya pembeni, akatolewa akiwa ameshafariki. Shimo kavu ni mtego kwa mtoto na mbuzi, na ni mfereji wa kupeleka uchafu moja kwa moja kwenye maji ya mtaa mzima. Usilifanye jalala, wala choo. Lijazwe mchanga safi na mfinyanzi, na mita za juu zifungwe kwa zege, mbele ya macho yako, mtambo ukiwa bado uwanjani. Jiwe la kufunikia "kwa muda" huondolewa na watu wenye shida ya mawe.

Usilipe awamu ya mwisho kabla hujashika mkononi: orodha ya udongo na mawe kwa kila kina, mchoro wa kesingi ukionyesha bomba lenye matundu liko wapi, matokeo ya jaribio la kuvuta, cheti cha maabara, na nakala ya taarifa iliyopelekwa Bodi ya Maji. Fundi atakayekuja kubadili pampu miaka kumi ijayo atakuuliza karatasi hizo kabla hajafungua boksi la spana. Mchimbaji akisema atakutumia wiki ijayo, mwambie na hela utamtumia wiki ijayo.